Tuwaachie watoto karatasi zao

Usiku mmoja katika muhula uliopita, saa nne zikikaribia, nilibishiwa hodi na jirani yangu. Alikuwa bado amevaa nguo za kazini, na mkononi alishika karatasi yenye maagizo ya mwalimu. Mwanawe aliye katika Gredi ya Tano alitakiwa kufika shuleni kesho yake na pambo lililotengenezwa kwa karatasi zilizokwisha kutumika. "Mwalimu," akaniambia, "mtoto amelala zamani, na maduka yamefungwa. Huna pambo lolote la karatasi hapa nyumbani uniuzie?"

Mezani palikuwa na kadi ambayo mjukuu wangu alikuwa ameipamba kwa maua ya karatasi. Jirani alipoiona, macho yalimng'aa, akanyosha mkono kuitwaa. Mjukuu wangu, ambaye sote tulidhani amelala, akaiwahi. "Hii ni yangu, babu," akasema. "Lakini mwanawe akija Jumamosi nitamfundisha atengeneze yake." Jirani alicheka kicheko cha mtu asiyefurahi, akaniaga.

Baadaye nilipata habari kwamba aliporudi kwake alikaa akakesha, akatengeneza pambo yeye mwenyewe, na mtoto akaandikiwa kwamba amezidi matarajio. Ama kweli, mzee amefaulu Gredi ya Tano! Lakini baada ya kicheko, nimebaki na swali ambalo ningependa tulitafakari pamoja, mimi nawe msomaji, hasa ikiwa wewe ni mwalimu au mwanafunzi: kazi ya mkono ikifanywa na mkono wa mtu mwingine, mtoto amebakiwa na nini?

Kwanza niieleze sanaa yenyewe, kwani yamkini wengi hawaifahamu. Kazi aliyoifanya mjukuu wangu huitwa kwilingi. Karatasi hukatwa mikanda myembamba, yenye upana wa milimita 3 hadi 10. Mkanda huviringwa kwenye ncha ya kijiti mpaka uwe gurudumu dogo. Gurudumu hilo huachiwa lilegee kidogo, mwisho wa mkanda ukatiwa gundi, kisha likabanwa kwa vidole ili lipate umbo. Ukilibana upande mmoja utapata umbo la chozi; ukilibana pande mbili zinazoelekeana utapata jicho; ukilibana pande nne utapata mraba. Maumbo hayo hubandikwa juu ya kadi yakisimama kwa ubavu. Machozi matano yakikutanishwa ncha zao huwa ua.

Jina la sanaa hii latokana na neno la Kiingereza la unyoya wa ndege, kwa kuwa hapo kale mkanda ulizungushwa kwenye unyoya wa aina ile ile waliyochongea kalamu. Katika karne za 16 na 17, huko Ufaransa na Italia, watawa waliitumia kupambia picha takatifu na visanduku vya masalia ya watakatifu. Nakshi za nyuzi za dhahabu na fedha zilikuwa ghali mno, nao wakaona kwamba mkanda wa karatasi uliopakwa rangi ya dhahabu ukingoni waweza kulihadaa jicho. Asili ya sanaa hii basi ni uhaba: mtu hana dhahabu, lakini ana karatasi, vidole na subira.

Katika karne ya 18 sanaa hiyo iliingia katika nyumba za watu wenye nafasi nchini Uingereza, na wanawake wakawa wanapambia visanduku vya kuhifadhia majani ya chai. Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Sense and Sensibility, iliyochapishwa mwaka 1811, msichana aitwaye Lucy Steele anatengeneza kikapu cha karatasi za namna hii wakati wa usiku, kwa mwanga wa mishumaa. Kikapu ni cha mtoto mmoja aliyedekezwa, na Lucy anajitaabisha ili ampendeze mama wa mtoto huyo. Elinor, ambaye ni mhusika mkuu, anajitolea kumsaidia kuviringa karatasi, naye ana lake: anatafuta nafasi ya kuzungumza naye faraghani. Kila mtu mzima pale mezani ana faida yake katika kikapu kile. Mtoto peke yake ndiye asiyefanya lolote ila kungojea kuletewa.

Nilipoikumbuka riwaya hiyo baada ya kisa cha jirani yangu, niliona kwamba zaidi ya miaka mia mbili imepita na sisi tungali pale pale. Lakini kabla sijamnyoshea jirani yangu kidole, sharti nikiri kosa langu mwenyewe.

Nilifundisha shule za msingi katika enzi za mfumo wa 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985 kwa ahadi kubwa ya kumfunza mtoto kutumia mikono yake. Kwenye ratiba kulikuwa na somo la sanaa na kazi za mikono. Kwangu mimi kipindi hicho kilikuwa cha kuporwa. Mitihani ilipokaribia nilikigeuza kikawa cha Hisabati, na sikuona haya, kwani hata somo lenyewe lilipotahiniwa katika darasa la nane mtoto alitakiwa achague herufi ya jibu sahihi. Mtu aliweza kupasi kazi za mikono bila kuichafua mikono yake.

Mwaka mmoja niliwaagiza wanafunzi wangu walete vikapu walivyovisuka wenyewe. Wengi walileta vikapu vizuri ajabu. Kimoja kilikuwa bado na bei ya sokoni, imeandikwa kwa chaki chini ya kitako. Mvulana mmoja alileta kikapu kilichoegemea upande kama mlevi, na vidole vyake vilikuwa na mikato ya ukindu. Kile chenye chaki nilikipa alama tisa kwa kumi. Chake nikakipa nne. Aliitazama alama yake kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ningekinunua ningepata ngapi?"

Nilimwamuru aketi. Sikuwa na jibu, na kiburi cha ualimu hakikuniruhusu kukubali hivyo. Muhula uliofuata alileta mkeka mzuri, ulionyoka, wa kununua, nami nikampa alama tisa. Sikumwona tena akileta kitu alichokifanya kwa mkono wake. Nimefundisha mambo mengi ambayo wanafunzi wangu wameyasahau, lakini nachelea kwamba somo lile hakulisahau.

Mtaala mpya wa umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini mwezi Januari mwaka 2019, na mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa mwaka 2023. Sanaa imerudishiwa heshima yake kwenye karatasi. Hata hivyo, ikiwa mwalimu ataendelea kutuza uzuri wa kitu bila kujali kilitoka mkono gani, na ikiwa mzazi ataendelea kukesha au kufungua pochi, tutakuwa tumebadilisha jina la mfumo tu. Chaki ya bei ingali pale pale kwenye kitako cha kikapu.

Ndiyo maana naipendekeza kazi hii ya karatasi iwe uraibu wa nyumbani kabla ya kuwa kazi ya shule. Vifaa vyake ni duni mno hivi kwamba hakuna mzazi anayeweza kujitetea kwa ufukara. Kalenda ya mwaka uliopita, magazeti na majalada ya madaftari yaliyokwisha kuandikwa yatatosha. Badala ya unyoya, chukua kijiti cha kuchokolea meno, uipasue ncha yake kidogo ili uupachike mkanda. Gundi yaweza kupikwa jikoni kwa unga wa ngano na maji. Vinavyosalia ni mkasi na rula, vitu ambavyo mwanafunzi huwa navyo au huweza kuviazima.

Mwalimu wa Hisabati, ambaye huenda ananung'unika kwamba hizi ni porojo, namwalika pia. Karatasi ya kawaida ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ikikatwa kwa urefu wake katika mikanda ya milimita 5, itatoa mikanda 42. Mikanda hiyo ikiunganishwa, utapata utepe wa zaidi ya mita 12 kutoka kwa karatasi moja ambayo ingetupwa! Isitoshe, karatasi hiyo ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Mkanda mmoja ukitazamwa kwa ubavu basi una eneo la takriban milimita mraba 30. Ukiviringwa ukakazwa sana, eneo hilo halibadiliki, kwa hiyo mwanafunzi anayejua kanuni ya eneo la duara ataweza kukadiria kwamba gurudumu lake litakuwa na kipenyo cha milimita 6 na ushei. Na aviringe, kisha apime. Vilevile, duara lililolegea likibanwa kuwa jicho, mzingo wake haubadiliki ilhali eneo lake hupungua. Hilo mtoto hujifunza kwa vidole vyake kabla hajalikuta kitabuni.

Wapo watakaouliza kama kazi hii itamlisha mtoto. Katika nchi jirani ya Uganda, wanawake wengi wa Kampala wamejipatia riziki kwa kuviringa karatasi kuukuu zikawa shanga, wakazipaka vanishi na kuziuza hata ng'ambo; shirika la BeadforLife lilianzishwa mwaka 2004 kwa shughuli hiyo. Lakini sipendi kuitetea kwa hoja ya fedha. Mtoto aviringaye karatasi hujifunza kwamba mkanda ukivutwa kwa pupa hukatika, na kwamba ua lililopinda laweza kubanduliwa likatengenezwa upya. Haba na haba hujaza kibaba, na ua moja laweza kuhitaji mikanda kumi. Elimu hii haiwezi kununuliwa dukani saa nne za usiku.

Wengine watasema kwamba hii ni kazi ya wasichana. Watawa niliowataja walikuwa wa kike na wa kiume, na vidole havina jinsia.

Walimu wenzangu, nawasihi tutoe kazi hizi mapema, tusimpe mtoto agizo leo na kulidai kesho. Tuwape nafasi ya kuzifanya darasani mbele ya macho yetu. Tunapotilia shaka kitu kilicholetwa, hakuna haja ya makaripio: tumpe mtoto mkanda mmoja tu, tumwombe atuonyeshe alivyouviringa. Na tunapoona kikapu kilichopinda chenye alama za vidole vya mtoto, tukumbuke kwamba hapo ndipo pana kazi ya kutuzwa.

Nanyi wanafunzi, msingoje agizo la mwalimu. Jioni ya leo, baada ya kudurusu, kateni mikanda mitano tu. Wa kwanza utawaponyoka na wa pili utalegea kupita kiasi. Endeleeni. Na mzazi akitaka kuwasaidia, mwombeni kwa heshima awashikie rula.

Jumamosi ilipofika, mwana wa jirani alikuja kweli. Alikaa na mjukuu wangu mezani tangu saa tatu hadi adhuhuri. Mikanda yake mitatu ilikatika, na wakati fulani alitaka kulia. Alipoondoka alikuwa na ua moja, lenye petali tano zisizolingana hata mbili, na gundi ilikuwa imemwagikia jani. Alilibeba kwa mikono miwili, akavuka njia polepole ili upepo usilichukue. Nilimwona babake akimfungulia mlango, akalipokea, akaligeuza huku na huku, kisha akamrudishia mwenyewe.

Hakuna aliyempa alama. Nami nilipokuwa nikimtazama kutoka dirishani, nilimkumbuka yule mvulana wa kikapu. Popote alipo, iwapo gazeti hili litamfikia, namwomba radhi: kikapu chako kilikuwa cha alama kumi.