Anayebisha simuni naye angoje aitikiwe

Mgeni mwenye adabu haingii nyumba ya mtu kabla ya kuitikiwa. Hubisha hodi, akangoja. Na asipojibiwa mara ya tatu, hushika njia akaenda zake bila kinyongo. Mwenye nyumba ndiye mwenye kauli. Ajabu ni kwamba adabu hii, inayozingatiwa katika kila boma hapa Machakos, hukiukwa mchana na usiku katika simu zinazopitia intaneti, na wengi wetu twalitazama jambo hilo kana kwamba halina dawa.

Hapana anayekana neema ya simu hizo. Programu ya Skype, iliyozinduliwa mwaka 2003 na kufungwa Mei 2025, iliwazoesha walimwengu kuzungumza na jamaa walio ng'ambo kwa gharama ndogo mno. Leo kazi hiyo hufanywa na WhatsApp na nyinginezo, na familia si haba za hapa petu hutegemea simu hizo kuwasikia wapendwa wao wanaochuma riziki katika nchi za Ghuba.

Lakini unafuu uo huo ndio uliomfaidi tapeli. Zamani, kila simu aliyopiga ilimla fedha, hivyo alilazimika kuchagua wa kumsumbua. Siku hizi kuwabishia watu elfu moja hakumgharimu zaidi ya kumbishia mmoja. Huahidi kazi za nje, ufadhili wa masomo au urafiki. Akimpata mmoja tu wa kumwamini katika hao elfu, amefaulu. Ndiyo sababu kumzuia tapeli mmoja mmoja ni sawa na kuteka maji kwa pakacha: ukiifunga nambari hii, kesho atakujia kwa nyingine.

Dawa iliyo bora ni chujio linalowekwa mlangoni. Tangu mwaka 2019, mtumiaji wa WhatsApp anaweza kuamua kwamba ni watu anaowajua pekee watakaomwingiza katika kikundi. Wengine humpelekea mwaliko, na asipoukubali kwa siku tatu hubatilika. Mwaka 2023 ikaongezwa njia ya kunyamazisha simu za wasiojulikana. Simu ya mgeni hailii, ila hubaki imeandikwa katika orodha, mwenyewe akaiona kwa wakati wake. Hiyo ndiyo hodi ya kweli: aliyebisha anajulikana kuwa alibisha, lakini hakuvunja mlango.

Kuna watakaouliza, na swali lao ni la haki: Je, mama aliye Riyadh, ambaye simu yake imeharibika naye ameazima ya mwenzake usiku akiwa taabani, naye anyamazishwe pamoja na matapeli? Chujio halijui uchungu wa mzazi. Hujua nambari tu. Kwa hiyo si busara familia nzima kujifungia. Naona afadhali simu ya mtu mzima mmoja iachwe wazi, na nambari yake ikaririwe na kila aliye safarini, ilhali simu za watoto zifungwe kwa wote wasiojulikana. Fauka ya hayo, jamaa wakubaliane neno la siri la kujitambulisha, maana tapeli huweza kujifanya ndugu yako aliyepatwa na msiba.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Shule zetu za upili za bweni huwapiga wanafunzi marufuku kuwa na simu, na sababu zake zaeleweka. Hata hivyo, marufuku si mafunzo. Mwanafunzi akaaye muhula mzima bila simu hukabidhiwa moja siku ya kwanza ya likizo, akaachwa peke yake na wageni asiowajua. Mtaala unaoegemea umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Ujuzi huo si kubonyeza vidude tu. Ni pamoja na kujua nani apewe ruhusa na nani anyimwe. Somo hilo halihitaji hata simu darasani. Chaki na ubao vyatosha, na mdahalo wa Kiswahili waweza kulibeba.

Nasi walimu tuanze kwa kujitazama. Orodha za majina na nambari za wazazi hutumwa ovyo vikundini, zikapita mikono isiyohesabika. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 humhakikishia kila mtu faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikakipa nguvu. Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya Sh4,550,000 na Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Chujio litafaa nini iwapo sisi wenyewe ndio tunaogawa funguo?

Basi kabla shule hazijafungwa, kila mwalimu wa darasa atenge kipindi kimoja tu, awafunze vijana kuwa kutoitikia hodi ya mtu asiyejulikana si utovu wa adabu. Mkosa adabu ni yule anayeingia bila kukaribishwa.