Tusikitupe Kabla ya Kukifungua

Kitufe cha mchezo wa zamani wa video kinapogoma, watoto hudai kinunuliwe kidhibiti kipya. Mara nyingi tatizo ni uchafu tu. Tukae nao, tukifungue pamoja.

Tuchukue kidhibiti cha Nintendo NES, mashine iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985. Kwanza tuchomoe waya kwenye mashine. Tufungue skrubu 6 za nyuma kwa bisibisi ndogo ya nyota na kuziweka kwenye kisosi, tukizihesabu. Sisi wauguzi tunajua mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kukitia mdomoni. Huyo akae mbali na kazi hii.

Ndani tutakuta ubao wa saketi na vipande vya mpira laini. Tuangalie pia waya ulivyozungushwa, ili tuurudishe vivyo hivyo. Chini ya kila kitufe, mpira una kidoa cheusi cha kaboni. Kitufe kikibonyezwa, kaboni huunganisha njia mbili za ubaoni na umeme hupita. Vumbi au soda iliyomwagika huzuia mgusano huo.

Ubao tuufute kwa pamba yenye spiriti kidogo, mbali na moto, madirisha yakiwa wazi. Mpira tuuoshe taratibu kwa maji ya sabuni, bila kusugua kaboni, tuuache ukauke kabisa. Kisha tukifunge na kuhesabu tena: skrubu 6. Ikipungua hata moja, tuitafute kabla mtoto mdogo hajarudi sakafuni.