Bafu Likivuja, Ziba Kwanza, Rangi Baadaye

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia bafuni. Siku hizi nyumba nyingi, hata huku kwetu mikoani, zina choo na bomba la mvua ndani. Hayo ni maendeleo mazuri. Lakini maji tuliyoyaingiza ndani yasipotunzwa huleta hasara, na hasara hiyo si ya ukuta tu; ni ya kifua pia.

Sisi wauguzi tunapowafuata wagonjwa majumbani huliona jambo hili mara kwa mara. Katika nyumba moja mtoto mdogo alikuwa akiletwa hospitali kwa pumu karibu kila mwezi. Alipewa dawa, akapata nafuu, akarudi nyumbani, akabanwa tena. Kitanda chake kiliegemea ukuta unaopakana na bafu. Ukuta huo ulipakwa rangi mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili rangi ilivimba na kubanduka, ukungu mweusi ukatokeza. Fedha ilikwenda kwenye rangi, lakini bomba lililovuja ndani ya ukuta halikuguswa. Fundi alipolibadilisha na ukuta kukauka, mtoto alianza kulala usiku mzima, ingawa dawa zake hakuziacha.

TONE SI DOGO

Wengi husema, "Ni tone tu." Hebu tuhesabu. Katika mpira wa dripu tunaoutumia wodini, matone 20 hufanya mililita 1. Tone moja kila sekunde ni mililita 3 kwa dakika. Kwa siku nzima ni zaidi ya lita 4, na kwa mwezi ni zaidi ya ndoo 6 za lita 20. Na tone la bomba ni kubwa kuliko la dripu!

Maji hayo hunywewa na lipu. Mahali palipolowa, ukungu waweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili, na vumbi lake huruka hewani tukalivuta. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na ukungu wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kupata maambukizo ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Waangaliwe hasa watoto wachanga, wazee, wenye pumu na wenye upungufu wa kinga mwilini.

Hata hivyo, kikohozi cha wiki mbili au zaidi usikisingizie ukungu. Nenda ukapimwe kifua kikuu.

Aidha, ndoo ya kukingia matone isiachwe na maji siku nyingi. Mbu aenezaye homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hupenda kutaga katika vyombo vya namna hiyo.

UMEME KWANZA

Kabla ya kugusa chochote, tazama kama bomba lako la mvua lina kifaa cha umeme cha kupashia maji. Maji yakipenya humo, anayeoga aweza kufa. Ukihisi hata mtekenyo mdogo unaposhika koki, zima swichi kuu, na mtu yeyote asioge hapo mpaka fundi umeme mwenye leseni akague kifaa na waya wa ardhini. Ukimkuta mtu amenaswa, usimshike. Zima umeme kwanza.

TAFUTA CHANZO

Usivunje vigae kwa kubahatisha. Fanya majaribio haya, kila moja kwa siku yake.

Kwanza, funga koki zote za nyumba na usome mita ya maji. Rudi baada ya saa moja. Mita ikiwa imesogea, bomba linavuja mahali fulani.

Pili, kinga maji ya bomba la mvua kwenye ndoo, yasiguse ukuta wala sakafu. Ukuta ukilowa, kosa liko kwenye bomba lililomo ukutani.

Tatu, ziba tundu la kutolea maji, mwaga maji kidogo sakafuni, weka alama yalipofikia, kisha subiri saa moja. Yakipungua, sakafu au tundu lenyewe linapitisha.

Nne, mwagia ukuta wenye vigae. Unyevu ukitokea upande wa pili, viungo vya vigae vimekwisha.

Bomba likidondosha matone tu baada ya kufungwa, mara nyingi dawa yake ni washa ya mpira ndani ya koki. Ni kazi ndogo na ya bei nafuu.

KAUSHA, NDIPO UJENGE

Uvujaji ukishazibwa, bandua lipu iliyooza au inayolia uwazi ukiigonga. Vuka mpaka wa unyevu kwa kama sentimita 30. Ubao wa dari uliovimba utolewe. Acha madirisha wazi, na kitanda kisogezwe mbali.

Ukungu uliobaki usuguliwe kwa maji na sabuni. Vaa glavu, funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Ukitumia dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu.

Utajuaje kuwa ukuta umekauka? Bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache mpaka kesho yake. Ukiona matone upande wa ndani, subiri bado.

Ndipo fundi apige lipu mpya ya saruji, na viungo vya vigae vijazwe upya. Lipu imwagiliwe kwa siku 7 ili ikomae, kisha iachwe ikauke. Kwa kawaida rangi husubiri kama wiki 4 tangu lipu ipigwe.

Mpangaji amwarifu mwenye nyumba mapema, naye mwenye nyumba asiseme, "Paka rangi tu." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa wodini twaongeza kwamba pamoja na ukuta, utalipia na dawa.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, funga koki zote, ukasome mita.