Lengalenga ya kuunguza kidogo: namna ya kuipika, na juu ya nini kuiosha muzuri

Huku Kolwezi, bukari bila mboga ya majani haitoshi. Mara nyingi lengalenga tunaichemsha mpaka inalegea. Lakini kuko njia ingine: kuipika kwa moto mkali, ndani ya kikaango, mpaka ncha za majani zinaungua kidogo. Inatoka na harufu tamu ya moshi, na haimalizi makala, juu inakaa motoni dakika chache tu.

Kwanza, kuosha. Mji wetu umezungukwa na migodi ya shaba na kobalti, na vumbi yake inashika kwenye majani. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba vumbi la nyumba za Kasulo na mikojo ya wakaaji wake, zaidi sana ya watoto, vilikuwa na kobalti nyingi. Kwa hiyo osha majani mara tatu, na kila mara ubadilishe maji. Kuosha kunatoa vumbi ya juu, hakutoi madini ambayo mmea umekunywa ndani ya udongo. Ndiyo maana, mama, uliza muuzaji sokoni: bustani iko wapi? Ile ya mbali na migodi, na mbali na maji ya kuoshea mawe, ni bora.

Kisha kausha majani kabisa. Yakilowa, yatachemka tu, hayataungua.

Pasha kikaango mpaka tone la maji linarukaruka. Tia mafuta kidogo na majani kiasi cha mkono mmoja. Ukijaza, mvuke unabaki ndani. Usiguse kwa dakika moja, kisha geuza. Toa, weka mengine. Mwisho kaanga kitunguu na pilipili, rudisha majani yote, tia chumvi na ndimu. Chumvi inakuja mwisho juu inavuta maji. Ncha zikuwe kahawia. Zikikuwa nyeusi kabisa, mboga inakuwa chungu.

Shu nayo inafaa: ikate vipande vikubwa na uipe wakati zaidi.

Lakini sombe, hapana! Majani ya muhogo iko na sumu. Yanaomba kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, paka hivyo.

Kula ingali moto, na bukari na ndakala.