Prosesa mpya kwenye bodi ya zamani: kuingia kwenye soketi hakutoshi

NAGONGERA, Tororo – Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ianze kutekelezwa mwaka 2014, nyaraka za mzigo unaotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda hujazwa na wakala kwenye kompyuta wakati lori bado liko mbali na Busia au Malaba. Kompyuta ya wakala ikiganda, lori husubiri, na tajiri hulipa posho ya dereva kwa siku nyingine.

Ndiyo sababu mafundi wa kompyuta huletewa ombi hili: "Niwekee prosesa yenye nguvu zaidi, bodi ibaki ile ile." Ni ombi la busara. Kompyuta nzima ni ghali, prosesa iliyotumika ni nafuu, na kazi yenyewe kwa fundi aliyezoea haimalizi saa moja. Lakini wapo wanaotoa fedha wakabaki na kipande cha chuma kisicho na kazi, kwa sababu walidhani prosesa ikishaingia kwenye soketi basi itafanya kazi.

Kwa mtu wa Nagongera kosa hilo ni zito zaidi. Mji huu wa reli uko kiasi cha kilomita 20 hivi kutoka Tororo, na prosesa anayoitaka huenda ikabidi iagizwe Kampala, zaidi ya kilomita 200, au Nairobi kwenye maduka ya Luthuli Avenue, zaidi ya kilomita 400 na mpaka katikati. Kuirudisha ni nauli nyingine, na muuzaji wa vifaa vilivyotumika jibu lake linajulikana: ilitoka hapa ikiwa nzima.

Soketi moja, prosesa tofauti

Soketi ni mlango tu. Ndani ya bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi, kuna chipseti inayounganisha prosesa na sehemu nyingine, na kuna BIOS, programu ndogo inayoamka kwanza mara kompyuta inapowashwa. Chipseti isipoikubali prosesa, au BIOS isipoitambua, feni itazunguka na skrini itabaki nyeusi. Aidha, bodi lazima iwe na uwezo wa kuilisha prosesa hiyo umeme inaoutaka.

Mfano mzuri ni soketi ya LGA 775 ambayo Intel iliitoa mwaka 2004. Katika tundu hilo hilo zilipita Pentium 4, Pentium D, Core 2 Duo na Core 2 Quad. Dell OptiPlex GX620, yenye chipseti ya 945, iliundwa kwa ajili ya Pentium 4 na Pentium D. Core 2 Duo inakaa humo vizuri kabisa bila kusukumwa, na haiwaki. OptiPlex 745 inakubali Core 2 Duo za mwanzo kama E6600 lakini inaikataa E8400 ya mwaka 2008. OptiPlex 755 na HP dc7800, zote zenye chipseti ya Q35, zinaipokea E8400 iwapo BIOS yake ni mpya ya kutosha. Mashine zote nne ukizifungua, macho hayataona tofauti ya soketi.

Mambo yakajirudia kwenye LGA 1155. Prosesa za kizazi cha 2 zilitoka 2011 na za kizazi cha 3 zikatoka 2012. OptiPlex 790 inaishia kizazi cha 2, ilhali OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 inapokea vyote viwili. Na hapa jina pekee lisikudanganye, kwani mwaka 2023 Dell ililitumia tena jina la 7010 kwa mashine nyingine kabisa.

Mtego wa kizazi cha 8

Mtego unaowagusa wengi kwa sasa umeletwa na Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Kizazi husomwa kwenye jina: i5-6500 ni ya 6, i5-7500 ni ya 7, i5-8500 ni ya 8.

Ofisi nyingi zina mashine za kizazi cha 6 au cha 7, zenye soketi ya LGA 1151. Mwenye ofisi anasoma kwamba i5-8500 nayo ni LGA 1151. Anahesabu kwamba akinunua prosesa hiyo peke yake atakuwa ameruka gharama ya kompyuta mpya. Hesabu hiyo haitimii. Prosesa za kizazi cha 8 kwa ajili ya kompyuta za mezani zilipotoka Oktoba 2017, Intel ilibadilisha kazi ya baadhi ya pini, nyingine zilizokuwa hazitumiki zikapewa kazi ya kupitisha umeme, na ikazitaka bodi zenye chipseti za mfululizo wa 300. Bodi za mfululizo wa 100 na 200 haziipokei. Wapo mafundi wanaoibadili BIOS na kuziba pini kwa gundi ya karatasi ili ikubali. Hiyo ni michezo ya wapenzi wa kompyuta, na ofisi inayojaza nyaraka za forodha haifai kuitegemea.

Kwa wenye Core 2 habari ni fupi. Windows 11 toleo la 24H2 haiwaki kabisa kwenye prosesa hizo, hata ukiweka iliyo kali kuliko zote za LGA 775.

Panapolipa

Badiliko linalolipa ni lile la ndani ya kizazi kile kile au hatua moja mbele ambayo mtengenezaji wa bodi ameiruhusu. OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1 yenye i3 ya kizazi cha 4 hupokea i7-4770 na mtumiaji huona tofauti. OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 ziliuzwa zikiwa na prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, kwa hiyo kutoka i3-6100 kwenda i7-7700 ni njia iliyo wazi. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 imekuwa na maisha marefu: bodi nyingi za B350 za mwaka 2017 zinapokea Ryzen za mfululizo wa 5000 baada ya BIOS kusasishwa.

Laptopu ni hadithi nyingine. Tangu kizazi cha 5, prosesa za Intel za laptopu huchomelewa kwenye bodi, na anayeahidi kuibadilisha kama betri aulizwe maswali zaidi.

Kabla ya kununua prosesa yoyote, ichunguzwe kwanza sababu ya uzito wa mashine. Kompyuta yenye memori ya GB 4 na hadidiski ya kuzunguka mara nyingi hupata nafuu kubwa zaidi kwa kuwekewa diski ya SSD na memori ya GB 8 kuliko kwa prosesa mpya. Na kama kinachochelewa ni ukurasa wa forodha peke yake huku kazi nyingine zikienda, tatizo huenda ni intaneti, na hakuna prosesa itakayoitibu.

Kuulizia na kufunga

Namba ya bodi hupatikana bila kufungua kasha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mistari ya bodi na toleo la BIOS pamoja na tarehe yake. Kwa namba hizo, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi au wa kompyuta orodha ya prosesa inazozikubali. Orodha hiyo ina uzito kuliko neno la muuzaji. Angalia pia wati: bodi na kipozea joto vilivyotengenezwa kwa prosesa ya wati 65 visibebeshwe ya wati 95 bila uhakika.

BIOS husasishwa wakati prosesa ya zamani bado iko ndani, kwa sababu ile mpya ikishawekwa na BIOS haiijui, hakuna pa kuanzia. Kazi hiyo ifanywe kompyuta ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, bodi yenyewe yaweza kufa, na hapo hasara inakuwa mara mbili.

Katika soketi za LGA pini ziko kwenye bodi, nyembamba kama unywele. Prosesa huwekwa taratibu kwa kulinganisha alama ya pembetatu, bila kukandamiza kwa kidole. Gusa chuma cha kasha kwanza ili kutoa umeme tuli mwilini. Grisi ya zamani ifutwe yote na mpya iwekwe kiasi cha punje moja ya choroko. Prosesa iliyotolewa isiuzwe siku hiyo hiyo. Mashine iache ifanye kazi wiki moja, maana ikikataa ile ya zamani ndiyo itakayorudisha ofisi kazini.

Anayevuka na prosesa Busia

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na wafanyabiashara wadogo hutumia cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Mgongoni mwa prosesa ya Intel huandikwa mahali ilipokamilishwa, kama vile Malaysia, Vietnam au Costa Rica, kwa hiyo haiingii humo hata kama imenunuliwa Nairobi. Kompyuta ziko kwenye asilimia sifuri katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya, lakini kodi nyingine ni suala jingine, na risiti ya duka inahitajika.

Mashine nzima iliyotumika ina mambo yake. Bajeti ya Uganda ya Juni 2009 ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, na masharti ya bidhaa za namna hiyo hubadilika. Wakala wa forodha aulizwe kabla fedha haijatoka mkononi. Muuzaji naye aandike kwenye risiti namba ya bodi ambayo prosesa imenunuliwa kwa ajili yake, pamoja na siku ambazo atakubali irudishwe.