Kipuri cha milimita 6 na mteja asiyedanganyika

Biashara ya vipuri vya mabehewa ya mfano, yale madogo ambayo watu wazima nchini Marekani huyaunda kwa kujifurahisha, ina mteja mgumu kweli. Kabla ya bei huuliza mwaka. Breki aina ya AB zililazimishwa kwa mabehewa mapya ya mizigo mwaka 1933. Zile za K zikapigwa marufuku mwaka 1953 kwa behewa linalovuka kwenda reli ya kampuni nyingine. Anayeunda treni ya 1955 hachukui K hata umshushie bei, na mtaji wako unalala kabatini.

Kampuni ya Kadee, Oregon, huuza usukani wa breki ya mkono wa Ajax, Miner na Equipco, kila aina peke yake, kwa uwiano wa 1:87. Ni duara la milimita 6 hivi. Punje ya mahindi huipita! Mteja hulilinganisha na picha ya behewa halisi, ndipo atoe pesa.