Mpiga Besi wa Bendi za Kukopi

Visiwa vyetu vina bendi nyingi ambazo hazina nyimbo zao wenyewe. Ni bendi za vijana, na wengine si vijana tena, ambao mchana ni walimu wa skuli, makarani wa maofisini, mafundi wa umeme, mabaharia wa boti au wachukuzi wa bandarini, na jioni hukutana katika chumba cha kuazima wakafanya mazoezi ya nyimbo zilizotungwa na watu wengine. Mwisho wa wiki huzipiga katika hoteli za pwani, katika mahafali na katika harusi. Wenyewe huiita kazi hiyo kukopi, wala hawaoni haya kuitaja kwa jina hilo. Leo tungependa kumzungumzia mmoja wao ambaye hutazamwa kwa uchache kuliko wote, naye ni mpiga gitaa la besi. Mtu akitaka kujua hali halisi ya muziki wa ridhaa hapa petu, basi na amwulize huyo kwanza.

Ni nadra kumkuta kijana aliyeanza kwa kulitamani besi. Wengi walitamani solo, kwani solo ndilo gitaa lisikikalo na ndilo lipigiwalo makofi. Lakini inapotokea kwamba marafiki wanne wameunda bendi na watatu kati yao ni wapiga gitaa, hapana budi mmoja akubali kurudi nyuma. Jambo hili halikuanza kwetu. The Beatles wa Liverpool, kabla ya kujulikana duniani, walikuwa bendi ya kukopi iliyokuwa ikipiga nyimbo za Wamarekani usiku kucha katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani, kuanzia mwaka 1960. Mwaka uliofuata mpiga besi wao, Stuart Sutcliffe, alijitoa ili aendelee na uchoraji, na Paul McCartney, aliyekuwa akipiga gitaa la kawaida, ndiye aliyelishika besi kwa sababu ilikuwa lazima mtu alishike. Vijana wetu wengi wamelipata besi kwa njia hiyohiyo, yaani kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka; na wengi wao baadaye hawakukubali tena kuliacha.

Taabu ya kwanza ya mpiga besi wa kukopi ni masikio. Nyuzi za gitaa hili ni nne tu, lakini ni nene, na ule mnene kuliko yote hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Wimbi moja la sauti ya namna hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Kijispika cha simu ya mkononi, chenye upana wa ukucha, hakina uwezo wa kuisukuma hewa kiasi hicho. Na kijana anayejifunza wimbo kwa simu husikia mwimbaji, husikia solo, husikia matoazi, ila kile anachokitafuta yeye hakimo. Hulazimika kuazima spika kubwa au kuvaa vya masikioni. Wakati wa kanda, wenye ujanja walikuwa wakiuendesha utepe kwa mwendo maradufu ili besi ipande juu, masikio yaikamate, halafu wakaishusha wenyewe kwa vidole. Siku hizi zipo programu za kuupunguza mwendo wa wimbo bila ya kuibadili sauti yake, nasi tunaziona kuwa ni neema. Lakini bado mtu huyo hukaa saa mbili kwa wimbo mmoja akitafuta kitu ambacho wasikilizaji hawatajua kwamba kilitafutwa.

Taabu ya pili ni ya visiwa hasa, nayo ni chumvi. Hewa ya bahari huula chuma, na nyuzi za besi ni chuma kilichosokotwa kwa chuma. Jasho la vidole likichanganyika na hewa ile, nyuzi hupoteza mlio na kuwa kama kamba za katani. Bei ya nyuzi mpya si ya mchezo kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa karani, na kwa hiyo ikapatikana dawa ambayo wapiga besi wa nchi nyingi wanaijua: nyuzi huvuliwa, huchemshwa katika sufuria ya maji ili mafuta na uchafu utoke, hukaushwa kwa kitambaa, kisha hurudishwa. Zikirudi huwa na uhai wa siku kadhaa. Zipo nyumba ambamo mama huuliza kwanza kilichopikwa kabla ya kuinjika wali. Ukija msimu wa masika, mbao za shingo hulowa unyevu na kupinda, na gitaa lililokuwa likikubaliana na kinanda mwezi wa Februari hulikataa mwezi wa Aprili. Ndani ya shingo hiyo mna ufito wa chuma unaoweza kukazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo, lakini mafundi wanaoijua kazi hiyo hapa kwetu ni wachache, na wasioijua huwa wepesi mno wa kukaza.

Jukwaani sasa. Mwimbaji ameamka na mafua, na anaomba wimbo ushushwe. Mpiga besi husogeza mkono vyuma viwili nyuma na kuendelea bila ya kusema neno. Mwimbaji huyohuyo huruka ubeti, au hurudia kiitikio mara moja zaidi kwa kuwa bibi harusi amesimama kucheza. Na hapo wa kumfuata ni mpiga besi, na bendi nzima humfuata mpiga besi. Jicho lake moja huwa katika mguu wa mpiga dramu, ule unaopiga ngoma kubwa, kwani wawili hao wakiachana kwa muda mfupi kama kukonyeza, wachezaji huvunja mwendo bila ya kujua sababu. Mpiga solo akikosea, watu hudhani ni madoido. Mpiga besi akikosea, ukumbi mzima huhisi kwamba sakafu imeteleza, ingawa mmoja kati ya mia ndiye atakayejua nani aliyekosea. Yeye aghalabu hufika mapema kuliko wenzake, kwa sababu chombo chake ndicho kinachodai spika nzito kuliko zote, na huondoka wa mwisho kwa sababu hiyohiyo. Spika ile hubebwa juu ya daladala, na nauli yake hukatwa katika mgawo wake. Mgawo wenyewe tunaona bora tusiutaje.

Basi na tusidhani kwamba kutojulikana huku ni aibu ya visiwa vyetu peke yake. Huko Detroit, Marekani, James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi mno za kampuni ya Motown miaka ya 1960, nyimbo zilizochezwa dunia nzima, na jina lake halikuandikwa katika majalada ya sahani zile. Liliandikwa mwaka 1971, katika sahani ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On. Jamaika walikuwa na moyo zaidi. Katika rege besi ndiyo inayotangulia na magitaa mengine hufuata, na Aston Barrett, aliyefariki mwaka 2024, alikuwa kiongozi wa wapigaji wa Bob Marley huku ndugu yake Carlton akipiga dramu. Barrett alilitengeneza besi lake la kwanza kwa mikono yake mwenyewe, kwa mbao. Nyimbo za Marley ni miongoni mwa zile zinazokopiwa zaidi katika hoteli zetu, na ni katika nyimbo hizo ambapo mpiga besi wa kwetu, kwa dakika nne au tano, hupata kusikiwa kama mtu mkubwa.

Wako wanaoinua pua mbele ya bendi hizi wakisema kwamba kukopi si sanaa, na kwamba vijana wangetunga vya kwao. Kwa heshima zote tunawaomba waitazame historia ya mji huu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohammed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kanuni, na aliporudi taarabu iliyopigwa ilikuwa ni ya Kimisri. Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliimba kwa Kiarabu kwa miaka mingi. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa katika sahani kwa Kiswahili, na hapo tayari palikuwa na kizazi kizima kilichojifunza kwa kuiga. Hata besi kubwa ya mbao, ile isimamayo nyuma ya fidla katika taarabu asilia, iliingia humo kwa kufuata okestra kubwa za Misri zilizosikika katika sahani na kuonekana katika filamu. Sasa besi ile tunaiita mila yetu, na ni kweli ni mila yetu. Kama wazee wale wangelikatazwa kukopi, tungekuwa na nini cha kuwaonyesha wageni?

Besi hiyo ya mbao inatukumbusha jambo jingine. Yenyewe haihitaji umeme. Gitaa la besi la kisasa, bila ya umeme, ni gogo. Mpiga gitaa la kawaida anaweza kukaa barazani akasikiwa na watu kumi. Mpiga besi hasikiwi hata na mkewe. Mwaka 2008, umeme wa Unguja ulipokatika kwa karibu mwezi mzima kuanzia Mei, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, bendi zenye jenereta ziliendelea na zisizo na jenereta zilinyamaza, na kati ya wapigaji wote huyu ndiye aliyenyamaza kabisa. Waya mpya wa chini ya bahari uliowekwa mwaka 2013 ulileta nafuu, nasi tunashukuru. Lakini umeme ukipungua nguvu saa mbili za usiku, ni spika ya besi inayoanza kukoroma kabla ya nyingine zote.

Sasa tungependa kuwaelekea wakuu wahusika kwa maneno machache. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, nasi tunaiunga mkono, kwa kuwa mtunzi naye ana watoto. Wimbo wa Jambo Bwana, uliotolewa mwaka 1982 na Them Mushrooms wa Mombasa, hupigwa katika hoteli zetu usiku baada ya usiku, na ni haki kwamba walioutunga wapate chao. Swali letu ni nani atoe. Kwa rai yetu atoe yule anayeuza vinywaji na vyumba kwa sababu ya muziki huo. Asiandamwe kijana aliyeshika besi ambaye ujira wake haufiki bei ya nyuzi. Wenye kumbi wengine wameuzoea mtindo wa kumwambia mkuu wa bendi kwamba mambo ya ada ni juu yake. Mtindo huo usiachwe ukaota mizizi.

Liko na suala la vyombo. Inapotolewa fedha ya kununua ala kwa ajili ya vijana, mara nyingi hununuliwa kinanda na spika mbili, kwa hoja kwamba kinanda kina sauti zote ndani yake, na besi mkono wa kushoto utaipiga. Ni hoja ya mwekahazina. Kinanda kimoja humpa kazi kijana mmoja, na wenziwe watatu hubaki wakimtazama. Hatua inayofuata ni kile kijiti cha kuchomeka chenye muziki uliokwisha kupigwa, na hapo hata yule mmoja hana kazi. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limeshikilia kanuni kwamba ala zipigwe jukwaani na watu, na wageni wamekuwa wakivuka bahari kwa ajili hiyo. Kanuni kama ile haiwezi kusimama ikiwa hapana mahali pa kujifunzia. Chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kufundisha katika jumba la forodha la zamani pale Mizingani, kilikaribia kufungwa mwaka 2019 kwa uhaba wa fedha. Walioshtuka walikuwa wengi, na waliotoa kitu walikuwa wachache kuliko walioshtuka.

Hatuombi ukumbi mpya. Katika mabohari ya baadhi ya skuli na majumba ya vijana, Unguja na Pemba, yamo magitaa ya zamani ambayo yalipokelewa kwa hotuba na tangu hapo hayajaguswa: moja halina nyuzi, jingine limekatika waya wa ndani, kazi ambayo fundi wa redio yeyote huimaliza kabla ya sala ya adhuhuri. Orodha zake zipo katika mafaili. Tunawaomba maofisa wa utamaduni wa wilaya wayatoe nje, wayahesabu, na wawape vijana kwa kutia saini, wakianza na yale yenye nyuzi nne. Kazi hiyo ifanywe kabla ya masika, kwani gitaa lililolazwa juu ya saruji halitaweza kuuvuka msimu mwingine wa mvua.